Usukani wa trekta ukiwa mzito, tupime kwanza kabla ya kununua pampu

Msimu wa kulima hapa Lindi ni mfupi. Mvua za kwanza zikianguka mwezi Novemba au Desemba, kila mwenye shamba anataka trekta siku hiyo hiyo, kuanzia Somanga na Kiranjeranje upande wa Kilwa mpaka Mtama na bonde la mto Lukuledi. Wiki chache zikipita, majani yameshatangulia mbegu na nafasi imepotea.

Ni wakati huo huo ambapo matrekta mengi ya zamani huanza kusumbua. Moja ya matatizo yanayoyasimamisha ni usukani. Dereva anaanza asubuhi vizuri, ikifika saa tano anashika usukani kwa mikono miwili na kuegemeza kifua. Kufika jioni anasema haendelei, mabega yamekufa.

Mzee mmoja wa Kilwa, ambaye kwa heshima yake hatutamtaja, alikumbwa na jambo hilo kwenye trekta lake dogo alilonunua likiwa limetumika. Fundi wa kwanza alikuja, akazungusha usukani mara mbili, akasikiliza injini, akatoa hukumu: "Mzee, pampu imekufa. Leta hela tuagize Dar."

Mzee aliuza ufuta uliokuwa bado stoo akatoa hela. Pampu ilikuja kwa basi, ikafungwa, oili ikajazwa. Usukani ukabaki mzito vile vile.

Fundi wa pili ndiye aliyeona. Klipu ya mpira unaotoa oili kwenye tenki kwenda kwenye pampu ilikuwa imelegea, pampu ikawa inavuta hewa pamoja na oili. Juu ya hapo, pini za ekseli ya mbele, zile ambazo mafundi wetu huziita kingpini, zilikuwa hazijaona grisi kwa misimu miwili. Klipu ilikazwa kwa bisibisi, grisi ikapigwa, trekta likarudi shambani. Siku 11 zilikuwa zimeshapita.

Sisi tunasema pampu ile ya pili haikuwa na sababu ya kununuliwa. Na tunasema zaidi ya hapo: hasara kubwa ya wenye matrekta ya zamani katika mkoa wetu haitokani na uzee wa trekta. Inatokana na tabia ya kubadilisha kifaa kabla ya kupima.

Hesabu ya trekta lililosimama

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Trekta linalolima ekari 6 kwa siku kwa sh. 50,000 kwa ekari linaingiza sh. 300,000 kwa siku, kabla ya kutoa dizeli na posho ya dereva. Likisimama siku 10 ni sh. milioni 3 ambazo hazikuingia mfukoni.

Lakini si mwenye trekta peke yake anayeumia. Siku hizo 10 ni ekari 60 za majirani ambazo hazikulimwa kwa wakati. Kuna mama aliyelipa nusu ya hela mapema, kuna kijana aliyekopa mbegu. Hao wote wanasubiri mpira mmoja na klipu yake.

Ndiyo maana tumeona tatizo hili la gereji linastahili nafasi ya tahariri. Linagusa chakula na linagusa hela ya mnyonge.

Usukani wa oili unavyofanya kazi

Ili mtu asidanganywe, lazima ajue kidogo kilichomo ndani. Usukani wa nguvu za oili una vitu vitano. Kuna tenki la oili, ambalo kwenye baadhi ya matrekta ni dogo la peke yake, na kwenye mengine, hasa vitrekta vidogo vya Kijapani, oili ni ile ile ya giaboksi na ya kunyanyulia plau.

Kuna pampu inayosukuma oili hiyo. Kuna valvu ya usukani, iliyo chini ya usukani wenyewe, inayoamua oili iende kulia au kushoto. Kuna silinda yenye pistoni inayosukuma magurudumu. Na kuna mipira na mabomba yanayounganisha hivyo vyote.

Mahali fulani katika mzunguko huo kuna valvu ndogo ya kupunguza presha. Kazi yake ni kuifungulia oili njia ya kurudi pale presha inapozidi, ili mipira isipasuke. Valvu hiyo ikiingiwa na uchafu ikabaki wazi, usukani unakuwa mzito hata kama pampu ni mpya kabisa.

Matrekta ya zamani yapo ya aina mbili. Aina ya kwanza ina mikono ya chuma inayounganisha usukani na magurudumu, na oili inasaidia tu. Hata injini ikizimwa unaweza kukata kona, ingawa kwa shida. Baadhi ya Massey Ferguson 135 na 165 za miaka ya 1960 na 1970 zilifungwa msaada wa namna hiyo, na nyingine zilitoka kiwandani bila msaada wowote. Kwa hiyo kabla ya kulalamika kwamba usukani ni mzito, hakikisha kwanza kama trekta lako lina pampu ya usukani.

Aina ya pili haina chuma kinachounganisha. Kati ya usukani na magurudumu ni oili peke yake. Hii ni nyepesi sana ikiwa nzima, lakini oili ikikosekana barabarani huna usukani wa maana. Mwenye trekta la aina hii asithubutu kulipeleka barabarani likiwa na tela huku mpira unavuja.

Anza na vitu vya bei ndogo

Rai yetu kwa kila mwenye trekta ni kufuata mpangilio. Anza na kile kisichogharimu kitu, malizia na kile kinachogharimu sana.

Kwanza, tazama matairi ya mbele. Tairi lililoshuka upepo hujibandika ardhini, na katika udongo mzito wa mabonde ya Matandu au Mbwemkuru usukani utakuwa mzito bila oili kuhusika. Tazama pia kama umefunga mzigo wa ziada mbele ya trekta.

Pili, inua ekseli ya mbele kwa jeki, kisha weka magogo imara chini yake. Chomoa pini inayoshika silinda kwenye mkono wa magurudumu, halafu sukuma magurudumu kwa mikono kulia na kushoto. Yakienda kwa wepesi, ekseli ni nzima. Yakigoma, tatizo ni kingpini, bolijointi au tairodi, na hakuna pampu duniani itakayokuponya hapo. Piga grisi mpaka ile ya zamani itoke. Nipeli ikiwa imeziba kwa udongo, ifungue uisafishe au ubadilishe.

Tatu, angalia oili. Pima trekta likiwa limesimama mahali tambarare na plau ikiwa chini. Oili ikiwa pungufu usijaze tu ukaondoka. Oili hailiwi wala haikauki. Kama imepungua, kuna mahali inatoka, na mahali hapo lazima papatikane.

Nne, tazama mkanda, kama pampu yako inaendeshwa kwa mkanda. Mkanda uliolegea au uliomwagikiwa oili huteleza pale unapokata kona, na mara nyingi hupiga kelele ya kulia. Kwenye matrekta mengi pampu inaendeshwa na gia za injini, na hapo hakuna mkanda wa kutazama.

Tano, fuatilia mpira wa kunyonya, yaani ule unaotoka kwenye tenki kwenda kwenye pampu. Huu ndio ulimponza yule mzee wa Kilwa. Ukiwa na ufa mdogo au klipu iliyolegea, hauvujishi sana oili nje, bali unaingiza hewa ndani. Ndiyo maana watu wengi huupita. Mpira uliozeeka pia huweza kujifunga kwa ndani ukizibana njia, wakati nje unaonekana mzima.

Sita, fungua filta. Kama ni ya chujio la waya, ioshe kwa dizeli safi na uiache ikauke. Kama ni ya karatasi, badilisha. Ukikuta vumbi la chuma linalong'aa ndani ya filta, hiyo ni habari nzito: kuna kitu kinasagika, na hapo pampu ni ya kushukiwa kwa haki.

Ukimaliza hayo, toa upepo kwenye mzunguko. Jaza oili, acha magurudumu ya mbele yakiwa juu, washa injini iende taratibu, kisha zungusha usukani polepole toka mwisho wa kulia mpaka mwisho wa kushoto mara kadhaa. Usiung'ang'anize pale mwisho. Simama, ongeza oili iliyopungua, rudia tena mpaka mapovu yaishe kwenye tenki.

Kazi yote hiyo inachukua asubuhi moja. Inahitaji jeki, spana, bomba la grisi na macho.

Trekta linasema lenyewe

Msikilize dereva kabla ya kumsikiliza muuza spea. Dereva anayekaa na trekta kutwa nzima anajua lilianzaje kuumwa, na maelezo yake ni nusu ya matibabu.

Usukani ukiwa mzito pande zote mbili na injini ikiwa taratibu, lakini ukawa mwepesi injini ikienda kasi, oili inayosukumwa haitoshi. Tazama kiwango cha oili, mkanda, filta, na mwisho pampu.

Usukani ukiwa mwepesi asubuhi ukawa mzito mchana, oili imepata moto ikawa nyembamba na inapenya mahali palipolika, iwe kwenye pampu, kwenye valvu au kwenye sili za silinda. Inawezekana pia kwamba oili iliyowekwa ni nyembamba kuliko inayotakiwa.

Ukiwa mzito upande mmoja tu, acha kuisema vibaya pampu. Pampu haijui kulia wala kushoto. Tazama valvu ya usukani, mpira wa upande huo na silinda.

Pampu ikilia na oili ikatoa povu kwenye tenki, kuna hewa inayoingia. Rudi kwenye mpira wa kunyonya.

Usukani ukizunguka na magurudumu yasifuate sawasawa, oili inavuja kwa ndani kwenye silinda au kwenye valvu. Lakini usukani ukiwa na mcheza mkubwa na magurudumu yakitikisika barabarani, hiyo mara nyingi ni bolijointi na pini zilizolika.

Na usukani ukianza kujizungusha wenyewe injini inapowaka, zima mara moja. Aidha mipira imefungwa kinyume baada ya matengenezo, au valvu imekwama. Hilo si la kujaribu jaribu.

Kwa wenye vitrekta ambavyo oili ya usukani ni moja na ya kunyanyulia plau, kuna kipimo cha bure. Plau nayo ikinyanyuka kwa shida, tatizo ni la wote wawili: oili, filta au pampu. Plau ikinyanyuka vizuri na usukani peke yake ndio mzito, tatizo mara nyingi liko upande wa usukani. Kipimo hiki hakifai kwenye trekta lenye pampu mbili tofauti.

Geji imalize ubishi

Baada ya hayo yote, kama usukani bado ni mzito, ndipo fundi mwenye geji ya presha aitwe. Geji hufungwa kwenye njia ya oili inayotoka kwenye pampu. Oili ikishapata joto, usukani huzungushwa mpaka mwisho, namba husomwa, na usukani huachiwa ndani ya sekunde tano hivi ili oili isichemke.

Kwa matrekta mengi ya zamani presha ya usukani huwa kati ya bar 70 na 140, sawa na psi 1,000 mpaka 2,000 hivi, lakini namba ya kufuata ni ile ya kitabu cha trekta lenyewe. Presha ikifika pale kitabu kinaposema, pampu ni nzima na asiiguse mtu.

Presha ikiwa chini bado si hukumu ya kifo. Fundi mzuri hufungua mipira miwili inayokwenda kwenye silinda, huiziba kwa vizibo vya chuma vinavyohimili presha, kisha hupima tena. Presha ikipanda, silinda ndiyo inayovujisha kwa ndani, na sili mpya zitatosha. Isipopanda, hufungua na kusafisha valvu ya kupunguza presha. Hapo ndipo pampu na valvu ya usukani zinapobaki kushukiwa.

Tahadhari moja kwa mafundi wetu: msizibe bomba la pampu moja kwa moja kabla ya kujua valvu ya kupunguza presha iko wapi. Kwenye baadhi ya matrekta haiko ndani ya pampu, na ukiziba, kinachopasuka kinaweza kuwa pampu yenyewe au mpira mbele ya uso wako.

Oili si maji

Tumeona watu wakijaza kwenye tenki la usukani chochote kilichopo karibu. Wapo wanaoweka oili ya injini iliyokwisha kutumika. Wapo wanaoweka oili ya breki. Hii ya mwisho ni sumu kwa usukani. Sili nyingi za usukani zimetengenezwa kwa ajili ya oili ya madini, na oili ya breki huzivimbisha na kuzilainisha mpaka zinaharibika. Ukishafanya kosa hilo, mzunguko mzima lazima uoshwe na sili zibadilishwe.

Oili sahihi ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Trekta likiwa limekuja bila kitabu, kama yalivyo mengi yaliyotumika, muulize wakala wa aina hiyo kwa kumpa namba ya modeli. Usichanganye aina mbili kwa kukisia rangi.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine, naye ni maji na chumvi. Trekta linaloachwa chini ya mkorosho toka masika mpaka msimu mwingine huingiza unyevu kupitia mfuniko wa tenki. Oili ikiwa nyeupe kama tui la nazi, ina maji. Imwage yote, usiipunguze.

Upepo wa bahari nao hula fimbo ya silinda ile inayong'aa. Ikipata kutu ikawa na vishimo, kila inapoingia na kutoka inachana sili kama tupa. Unabadilisha sili leo, mwezi ujao inavuja tena, na lawama anapewa fundi. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kuliegesha trekta, safisha fimbo hiyo, ipake grisi nyembamba, na liegeshe magurudumu yakiwa katika hali ambayo fimbo imebaki ndani kwa kadiri inavyowezekana. Utakapoliwasha tena, ifute grisi kwanza, kwa sababu imeshika mchanga.

Usalama wa fundi na dereva

Oili yenye presha ikitoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi bila mtu kusikia maumivu makubwa mwanzoni. Baadaye mkono huvimba na nyama huoza. Watu wamekatwa vidole na mikono kwa sababu hiyo. Kamwe usitafute mvujo kwa kupitisha kiganja. Tumia kipande cha boksi ama ubao.

Ikitokea oili imempenya mtu, asioshe kwa dizeli akaendelea na kazi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe Kinyonga pale Kilwa Kivinje au Sokoine mjini Lindi, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya presha iliyoingia mwilini.

Na jeki peke yake si ya kuaminiwa. Mtu asiingie chini ya trekta lisilo na magogo au stendi. Mpira wa presha usifunguliwe injini ikiwa inawaka au oili ikiwa ya moto.

Tumeshawahi kuliona hili

Historia ya mkoa wetu ina somo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mradi huo, pamoja na Kongwa na Urambo. Mashine nyingi zilizoletwa zilikuwa zimetumika wakati wa vita. Ardhi ngumu na visiki vilizivunja, na mafundi, madereva waliofundishwa na spea havikutosha. Mwezi Januari 1951 mradi ulitangazwa kuwa umeshindwa.

Mradi ule ulikuwa na makosa mengi, ya mvua, ya udongo na ya haraka. Lakini moja ya makosa hayo lilikuwa kudhani kwamba ukishakuwa na trekta umeshakuwa na kilimo.

Baadaye nchi yetu ilirudi tena kwenye matrekta. Kauli mbiu ya Kilimo Kwanza ilitangazwa mwaka 2009, na kupitia SUMA JKT matrekta ya Farmtrac na New Holland yaliingia nchini. Mashine hizo sasa zimezeeka, na nyingi zimeshabadilisha wenyewe. Pamoja nazo kuna vitrekta vilivyotumika vinavyonunuliwa kwa hela ya korosho na ufuta. Swali la leo ni nani anajua kuyatunza yaliyopo.

Nini kifanyike

Kwa wenye matrekta: usitoe hela ya pampu kabla hujaonyeshwa kipimo. Mwulize fundi kwa adabu, "Fundi, umeijuaje kwamba ni pampu?" Asiyeweza kujibu, mshukuru kwa nauli yake na utafute mwingine. Kifaa cha zamani kikitolewa, kidai ubaki nacho. Na unapokwenda kununua trekta lililotumika, lisimamishe kwenye udongo, injini ikiwa taratibu, uzungushe usukani pande zote mbili. Kisha tazama fimbo ya silinda na rangi ya oili ndipo mpatane bei.

Kwa mafundi: malipo ya kupima ni halali, nanyi muyadai. Wengi wenu mnapima bure na kutafuta faida kwenye spea, ndiyo maana dawa inakuwa ni spea kila siku. Mteja naye akubali kwamba akili ya fundi ina bei.

Kwa wenye maduka ya spea: msimuuzie mkulima mpira wa maji au wa mafuta kwa ajili ya njia ya presha. Mpira wa presha una nyuzi za chuma ndani na ncha zilizobanwa kwa mashine. Klipu ya kukaza kwa bisibisi inafaa upande wa kunyonya na wa kurudi tu. Mwambieni mteja ukweli hata kama mpira sahihi hamna dukani.

Kwa vyama vya ushirika: RUNALI, Lindi Mwambao na vyama vya msingi vilivyo chini yake vina wanachama wengi wenye matrekta au wanaoyakodi. Geji moja ya presha na viunganishi vyake si mali ya kumshinda mtu kumi wakichanga. Iwekwe ofisini, ikodishwe kwa fundi anayejua kuitumia.

Kwa chuo cha VETA Lindi: tunaomba mafunzo mafupi ya usukani na mifumo ya oili yatolewe kabla ya msimu, mwezi Agosti au Septemba, wakati matrekta yamelala. Na waandaaji wa Nanenane pale viwanja vya Ngongo watenge sehemu ambapo trekta la zamani litafunguliwa mbele ya wakulima. Matrekta mapya yaliyopigwa rangi tumeyaona ya kutosha, na wengi wetu hatutayanunua.

Wakati wa kufanya hayo ni kiangazi, siyo siku mvua inapoanza kunyesha. Mwenye trekta atenge asubuhi moja, awe na jeki, magogo, grisi na oili safi. Akikuta klipu imelegea ataikaza kwa bisibisi bila kutoa hata shilingi moja. Klipu hiyo hiyo ikimngoja mpaka Desemba, itamgharimu pampu nzima na ekari za majirani.